Bi Tafadhali

Kuna watu walioumbwa kuamrisha na kuna watu walioumbwa kuomba radhi, na Mungu, ambaye naye ana mzaha wake, wakati mwingine huwaweka wote wawili chini ya paa moja na kuwapa jiko moja. Aliyeumbwa kuamrisha hapa ni mama mkwe, muuza vitambaa, mwanamke aliyeweza kumwambia mteja "shika hapa, vuta, sasa lipa" na mteja akalipa kabla hajakumbuka kuuliza bei. Aliyeumbwa kuomba radhi ni mke wa mwanawe, mwalimu wa Kiingereza, ambaye akijikwaa kwenye kiti hukiambia kiti samahani. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na alikuwa na akili ya kutosha kukaa huko huko safarini.

Mama mkwe alihamia kwao miaka mitatu nyuma, alipofiwa na mumewe. Katika miaka yote hiyo wanawake hawa wawili hawakugombana hata siku moja, na majirani waliwasifu. Majirani hawajui kitu. Mwalimu akiutaka mwiko ulio mkononi mwa mama mkwe, husema, "Mama, samahani, kama hutajali, nilikuwa naomba, ukishamaliza lakini, huo mwiko." Kufikia hapo mboga zimeshaungua. Naye mama mkwe, aliyemwamrisha kila mtu mpaka paka wa jirani, hakumwamrisha mke wa mwanawe kamwe. Alimwita "Mwalimu", akampa mwiko bila neno, kisha akaenda kukaa sebuleni kwenye kiti cha karibu na mlango, kile cha wageni, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri gari.

Basi ikatokea kwamba mama mkwe alichoka kuuzia wageni kwa vidole. Wanakuja dukani watu wa mataifa, wanaonyesha kitambaa kwa kidole, naye anaonyesha bei kwa vidole, na katika vidole vyote hivyo kuna faida inapotea. Alimlalamikia mwanawe kwenye simu. Mwana, bila kufikiri, akasema, "Si uende darasani kwa mwalimu wetu, mama?" Ni rahisi kusema hivyo ukiwa nyuma ya usukani, mbali.

Darasa lenyewe lilikuwa la jioni, la watu wazima, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu. Alikuwepo kinyozi mmoja mwenye mdomo usio na breki, muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu na sare yake, fundi umeme mpole, na wengine wa shughuli zao. Siku ya kwanza ya muhula Mwalimu aliingia, akasalimia, akasema kama anavyosema siku zote: "Stand up!"

Darasa zima likasimama. Mama mkwe hakusimama. Alibaki pale dawati la mbele, mkoba mapajani, akimtazama mke wa mwanawe moja kwa moja, wala hakupepesa.

Hapo ndipo damu ilipomwenda Mwalimu miguuni. Amemwambia mama wa mumewe simama! Neno tupu, halina "tafadhali" wala halina "mama", kama mtu anayefukuza kuku kwenye mchele, tena mbele ya kadamnasi. Alitamani ardhi ipasuke, ila chini palikuwa na duka la viatu. Nyumbani mama mkwe hakusema kitu mpaka Jumapili. Kabati la vyombo ndilo lililoongea, kwa vishindo.

Tangu jioni ile, maelekezo ya Mwalimu darasani yaliota nyama. Amri ya Kiingereza haina pa kumwekea mama mkwe heshima yake, kwa hiyo Mwalimu aliijengea ukumbi mzima mbele yake. Hakusema tena simameni. Alisema, kwa Kiingereza kirefu ambacho hata mabalozi wangekisikiliza kwa kituo, kwamba angefurahi sana, kama haitawasumbua, na kama miguu inaruhusu, iwapo labda wale watakaopenda wangefikiria kusimama, au hata kubaki wameketi, kisha wakiwa tayari, bila haraka, tafadhali, wafungue vitabu, tafadhali, kama wanavyo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hao! Katika mto wote huo walichoweza kuvua ni neno moja, "please", lile lililorudiwa zaidi, na kinyozi hakukawia kumbatiza nalo. Kuanzia wiki ya pili darasa zima lilimwita Bi Tafadhali, na yeye alijua.

Mwisho wa hotuba aliuliza kama wameelewa. "Yes, teacher!" waliitikia kwa pamoja, kwa nguvu, maana mtu mzima mwenye adabu hamwambii mwalimu wake hapana. Kisha wakatulia, wakamtazama. Wao walimtazama yeye, yeye aliwatazama wao, na mama mkwe akatazama dirisha.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Upande wa pili alifundisha mwenzake mmoja aliyeitwa Sajini, kijana mwenye sauti ya gwaride. Kwake ilikuwa "Stand up!" na viti vinalia, "Sit down!" na viti vinalia tena. Kila viti vilipolia Mwalimu alipandisha sauti kidogo na kuongeza tafadhali nyingine.

Yaliyomkuta siku ya kadi ndiyo yaliyoleta balaa. Lilikuwa zoezi jepesi, la kufurahisha. Nusu ya darasa wanapata kadi nyekundu zenye maswali, nusu wanapata za buluu zenye majibu. Wanasimama, mwenye nyekundu anamtafuta mwenye buluu inayolingana na yake, wakipatana wanaketi pamoja. Mtoto angelifanya. Lakini Mwalimu aligawa kadi kwanza, kosa ambalo kila mwalimu hulifanya na kila mwalimu hulijutia, maana mtu akishapewa karatasi masikio yake hufunga duka. Halafu akaanza maelezo, na maelezo yakaenda, yakapinda, yakarudi. "Mmeelewa?" "Yes, teacher!" Kinyozi akaigeuza kadi juu chini. Muuguzi akajipepea kwa yake. Fundi umeme, mtu mwenye juhudi, akaandika jina lake vizuri kwenye kadi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakusimama mtu.

Mwalimu alipogeukia mlango alimwona mkuu wa chuo amesimama nyuma ya kioo chake, na alionekana amekuwepo pale muda wa kutosha.

"Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu," mkuu alimwambia ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na alichukia kusema mambo magumu, kwa hiyo aliyasema haraka. "Ila wanafunzi hawafanyi kitu. Alhamisi nitakuja nikae nyuma ya darasa. Wape zoezi lile lile. Wakilifanya, darasa ni lako. Wasipolifanya, nampa Sajini, na wewe utakaa mapokezi upokee simu. Simu utazipokea vizuri sana, una lugha ya heshima."

Hiyo ya mwisho aliisema kwa nia njema, na ndiyo iliyomchoma zaidi. Mwalimu alipenda kufundisha kuliko kitu kingine chochote duniani. Alipenda lile tendo la mtu mzima kusema sentensi yake ya kwanza na kushtuka kwamba ni yeye aliyeisema. Na sasa atayaacha yote hayo akaseme "tafadhali subiri" mpaka azeeke.

Alirudi nyumbani hana hamu ya kula. Alijaribu mbele ya kioo cha bafuni. "Stand up," alikiambia kioo, na papo hapo akajiona uso unaomba msamaha. Tatizo halikuwa kinyozi, wala muuguzi, wala fundi umeme. Hao angewaamrisha hata kwa filimbi. Alipofumba macho aliona mkoba mmoja mapajani, na macho mawili yasiyopepesa. Akakiri moyoni: mimi namwogopa yule mama, na darasa zima linalipia woga wangu.

Jioni ya kabla ya Alhamisi dereva alipiga simu. Mama mkwe aliiweka sauti ya juu, kama wafanyavyo watu wa rika lake, nyumba nzima ikasikia.

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Kula. Vaa lile koti. Usiendeshe na usingizi. Na hiyo redio izime, naisikia."

"Ndiyo, mama." Jitu zima, lenye lori la magurudumu yasiyohesabika, likazima redio.

Kisha mama mkwe akamnyooshea Mwalimu simu kwa mikono miwili. "Karibu, Mwalimu," alisema, kwa upole, kama anayempa mgeni maji.

Mwalimu aliipokea simu akiwa anafikiria jambo jingine kabisa. Uso wa mama mkwe alipokuwa anasema kula, vaa, zima! Haukuwa mkali hata kidogo. Uling'aa. Yule mama hakuwa na utamu mwingine duniani kama kumwambia mtu wake afanye hivi na asifanye vile. Na darasani tangu siku ya kwanza hajafungua kinywa, kwa sababu hakuna aliyempa mtu wa kumwamrisha.

"Unanisikia?" mumewe aliuliza kwenye simu.

"Nakusikia," alisema Mwalimu. "Lala salama. Nina kazi kesho."

Alhamisi mkuu aliingia na kiti chake, akakiweka nyuma karibu na swichi. Darasa lilikuwa kimya kama mtihani. Kila mtu alijua, maana kinyozi alishazipata habari zote na kuzigawa bure, pamoja na ile ya nani ni mkwe wa nani. Upande wa pili Sajini alikuwa anapiga gwaride kwa nguvu kuliko siku zote, pengine makusudi.

Mwalimu alisimama mbele. Kadi alikuwa nazo mkononi, hakuzigawa. Alitembea mpaka dawati la mbele, akaweka chaki juu yake, mbele ya mkoba. Akasema kwa Kiingereza, maneno ya kuhesabika, kwamba leo mwalimu ni wewe, Mama. Kisha akaenda kuketi kwenye kiti kitupu kando ya kinyozi.

Hakusema tafadhali. Kinyozi alimgeukia, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kinyozi huyo hakikutoka kitu.

Mama mkwe aliitazama ile chaki. Aliitazama muda mrefu kiasi kwamba mkuu alikohoa. Halafu akainuka, mkoba kwapani, akaenda mbele, akageuka. Macho yake yakatua kwa mke wa mwanawe.

"Stand up," alisema.

Sauti ilitoka imara, kana kwamba alikuwa nayo tayari tangu zamani na alikosa pa kuiweka. Mwalimu akasimama.

"Sit down."

Akaketi.

"Stand up." Akasimama. "Sit down." Akaketi. Pembe moja ya mdomo wa mama mkwe ikaanza kutikisika. "Stand up! Come here! Go! Come here!" Mwalimu wa watu anakwenda na kurudi katikati ya madawati, na darasa, ambalo lilikuwa limezuia pumzi, likaangua kicheko kilichofika mpaka kwa Sajini. Gwaride likasimama.

"You!" Mama mkwe alimnyooshea kinyozi chaki. "Stand up! Open the window! Close the window! Open! Close! Sit down, no talk!" Kinyozi akafungua, akafunga, akafungua, akafunga, akaketi, hakuongea. Muuguzi alikuwa anajifuta machozi kwa kofia yake. Kule nyuma mkuu aliinuka aone vizuri, na hilo lilikuwa kosa. "You! Sit down!" Mkuu wa chuo, mwenye funguo za jengo zima, akaketi.

Katika dakika chache mama mkwe alikuwa amesema Kiingereza kingi kuliko muhula mzima, na hakikuwa na tone la aibu. Mwalimu alimtazama, moyo unamdunda kwa furaha, akasahau kabisa kwamba anakaguliwa.

Chaki ikazunguka. Muuguzi alimwamrisha fundi umeme apande kiti, naye akapanda, akaulizwa akiwa huko juu kama anasikia baridi. Fundi umeme akamwamrisha kinyozi azime taa, akaona raha ya neno lake kuzima taa bila yeye kugusa waya, akamwamrisha awashe tena. Kila aliyeamrisha aliamrishwa na mwenzake. Ukali wa neno tupu uliisha, kama kiatu kipya kinavyolainika kikivaliwa, na lilibaki neno tu, la kutumiwa.

Mwisho chaki ikarudi kwa mwenyewe. Mwalimu akasimama mbele, na kicheko kikapungua, kikaisha, kwa sababu wote waliona bado mmoja. Mama mkwe alikuwa amerudi dawatini kwake. Mkoba ulikuwa mapajani. Yeye peke yake alikuwa ameamrisha na hajaamrishwa.

Mwalimu alihisi "tafadhali" inampanda kooni, imevaa na viatu. Akaimeza. Heshima si utumwa, alijiambia, na woga si heshima. Akamtazama mama wa mumewe machoni.

"Mama," alisema. "Stand up."

Mama mkwe hakupepesa. Kisha akauchukua ule mkoba, ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona nje ya mikono yake, akauweka juu ya dawati, taratibu, akauacha hapo. Akasimama wima.

"Yes, teacher," alisema.

Kinyozi alipiga makofi, na wengine wakafuata, na Mwalimu ilibidi ageukie ubao kidogo. Alipogeuka tena sauti yake ilikuwa nyingine, na yeye mwenyewe aliisikia. Aliinua kadi juu, bado mkononi. Nyekundu, swali. Buluu, jibu. Simama. Tafuta mwenzako. Ketini pamoja. Alisema kila kipande, akanyamaza, akaonyesha na kinyozi kama mfano, akasema tena. Wala hakuuliza kama wameelewa. Alimwuliza muuguzi, "Tuseme una nyekundu. Unatafuta nini?" Muuguzi akafungua kinywa aseme yes, teacher, akasita, akasema, "No, teacher. Again."

Hapana! Mwalimu angeweza kumkumbatia. Muhula mzima hakuna aliyethubutu kumwambia hapana. Alieleza tena, kwa maneno machache zaidi, na muuguzi akajibu sawasawa. Ndipo akagawa kadi.

Darasa lilisimama kama mtu mmoja. Walisukumana, waliitana, walisomeana, walikataana: si wewe, nenda, njoo, wewe ndiye! Fundi umeme alimkimbilia mama mkwe na kadi yake ya buluu, akakataliwa, akakimbilia kwingine. Mama mkwe alimpata mwenzake mapema kuliko wote, kisha akasaidia kuwapanga waliobaki, kwa amri. Walipoketi wote, wawili wawili, hakikubaki kiti kimoja kisicho na jozi yake. Walikuwa wanahema na kucheka, na kila mmoja alijua amefanya nini na kwa nini.

Mkuu alimsubiri mlangoni. "Darasa ni lako," alisema haraka, kama kawaida yake, ingawa safari hii halikuwa jambo gumu. "Muhula ujao nakupa na la mwaka wa pili. Na Sajini nimemwambia aje akae nyuma siku moja, aone. Wake wanasimama na kukaa vizuri, lakini sijawahi kumsikia hata mmoja akisema hapana." Akaondoka, akarudi. "Yule mama, anatafuta kazi?"

"Ana duka," alisema Mwalimu, akicheka.

Walitembea kwenda nyumbani bega kwa bega. Mwalimu alikuwa na ushindi mkononi na hofu mpya moyoni, maana darasani ni darasani na nyumbani ni nyumbani. Walipoingia jikoni alijikuta ameanza tena. "Mama, samahani kwa leo. Sikukusudia kukuvunjia heshima, nilikuwa naomba tu, kama hutajali..."

"Nyamaza," mama mkwe alisema.

Mwalimu akanyamaza. Lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kutoka kwa mama huyo, nje ya Kiingereza.

"Unafikiri siku ile nilikasirika kwa sababu uliniambia simama?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mkoba kifuani. "Nilikasirika kwa sababu ndiyo mara ya kwanza uliniambia kitu. Miaka mitatu naishi humu. Hujaniambia mama lete chumvi, mama shika sufuria, mama acha, unaniunguzia. Samahani, naomba, kama hutajali. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sijapewa mpaka leo. Halafu amri ya kwanza katika maisha yako unanipa mbele ya kinyozi!"

Maneno yote marefu aliyokuwa nayo, ukumbi wote ule, na kumbe kwa miaka mitatu alikuwa anamfungia mama wa watu nje.

"Na wewe, Mama?" alisema hatimaye. "Mbona nami hukuniamrisha?"

"Nyumba yako," alisema mama mkwe. "Mgeni anaamrishaje?" Sauti ilimlegea kidogo, akaikaza. "Leo uliketi nilipokuambia uketi. Nikasema, aha. Huyu ni mwanangu."

Mwalimu alipangusa uso kwa kiganja. Akatazama meza: nyanya, kisu, kikapu. Akavuta pumzi, na safari hii haikuhitaji ujasiri mkubwa.

"Mama," alisema, "menya vitunguu."

"Vingapi?"

"Vitatu. Na huo mkoba kauweke chumbani kwako."

Mama mkwe akautazama mkoba, akamtazama yeye. Akaenda chumbani, akauweka, akarudi mikono mitupu, akachukua kisu.